Wanyonya damu wa Kapsoya na jedwali la siri

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuandika jinsi ya kuhamisha hifadhidata bila kuzima tovuti, na nitaandika, lakini si leo. Leo nataka kuwasimulia juu ya wanyonya damu. Msicheke. Hawa ni wa hapa hapa Eldoret, mtaa wa Kapsoya, katika chumba changu cha kupanga, kila Ijumaa kuanzia saa mbili usiku mpaka mlinzi wa ploti agonge geti kutukumbusha kuwa wengine wanalala.

Mambo yalianzia chuoni. Nilikuwa mwaka wa pili nikisomea sayansi ya kompyuta, na jamaa mmoja wa hosteli alikuwa na mchezo wa zamani wa kompyuta uitwao Vampire: The Masquerade – Bloodlines. Uliundwa na Troika Games na kutoka Novemba 2004, siku ile ile na Half-Life 2, ukiwa na hitilafu nyingi kama siafu. Mwaka 2005 Troika ikafunga milango. Mchezo ungezikwa hapo, lakini wapenzi wake walikataa. Mkemia mmoja Mjerumani, Werner Spahl, akaendelea kuutilia viraka mwaka baada ya mwaka, bila mshahara. Mimi nilianza kuupenda kwa sababu ya viraka hivyo, kabla hata sijaelewa hadithi yake.

Halafu hadithi yenyewe ikaninasa. Kwenye sinema mnyonya damu ni mtu mmoja mwenye koti jeusi na jumba la upweke. Humu wanyonya damu wana serikali. Mchezo wa asili ni wa mezani, uliotolewa na White Wolf ya Marekani mwaka 1991, kazi ya Mark Rein-Hagen. Mnakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake, na dadu za pande kumi zinaamua nani amefaulu. Kuna koo 13. Kundi kubwa linaitwa Camarilla, na sheria yake ya kwanza ni kwamba binadamu wasijue kuwa sisi tupo. Kila mji una mtawala wake, aitwaye Prince hata akiwa mwanamke. Chini yake kuna wazee wa koo, na kuna sherifu wa kuwashughulikia wakorofi. Wapinzani wao, Sabbat, wanaona kujificha kwa binadamu ni upuuzi, maana kwao binadamu ni mifugo. Pembeni kuna Anarch, wengi wao vijana waliochoka kutawaliwa na wazee wasiokufa.

Hebu fikiria mwenyekiti wa chama ana miaka 400 na hana mpango wa kustaafu. Mkenya hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kilichonishangaza ni kwamba damu yenyewe inazungumzwa kidogo sana mezani. Muda mwingi unaenda kwenye siasa. Nani ana deni la nani, nani alionekana na nani, nani anajua kwamba wewe unajua. Kuna ukoo mmoja, Nosferatu, wenye sura mbaya kiasi cha kuishi kwenye mitaro ya chini ya mji, na kazi yao kubwa ni kuuza habari. Niliposoma hayo nikasema, hawa ni watu wa hifadhidata. Hawa ni ndugu zangu.

Basi mwaka jana nikawakusanya watu sita. Yupo jirani yangu wa ghorofa ya juu, mwalimu. Yupo dada mwenye kibanda cha M-Pesa pale karibu na steji. Wapo wawili tuliosoma pamoja chuoni, yupo fundi wa simu, na yupo rafiki yangu wa siku nyingi ambaye nitamwita tu rafiki yangu. Dadu za pande kumi sikuziona duka lolote mjini, kwa hiyo nikaandika programu ya mistari minane kwa Python ikawa inaturushia.

Tukakubaliana mchezo wetu usiwe wa Los Angeles. Uwe wa hapa hapa Sixty-Four, maana mji huu ulianzia kwenye shamba nambari 64, na tangu 15 Agosti 2024 ni jiji lenye hati. Jiji jipya linahitaji mtawala mpya wa usiku, na watu wa kugombania kiti hicho. Tatizo likawa majina. White Wolf walitoa kitabu cha Afrika mwaka 2003, Kindred of the Ebony Kingdom, na humo wanyonya damu wa Afrika wanaitwa Laibon. Neno hilo limechukuliwa kwa Wamaasai, kwa oloiboni, mtabiri na kiongozi wa ibada. Sasa mimi nimekulia Uasin Gishu, jirani na Wanandi, ambao orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani. Katika kisa hicho mnyonya damu si yule mtabiri. Nikakifunga kitabu.

Nikampigia simu nyanya yangu mzaa mama. Nyanya alikaa Nairobi akiwa msichana, enzi za mkoloni. Nikamuuliza: "Nyanya, sisi tulikuwa na wanyonya damu?" Akajibu bila kusita, "Kwani wazimamoto walikuwa nani?"

Akanieleza. Gari jekundu likipita jioni, watoto mnaingia ndani. Hakuna aliyeuliza moto uko wapi. Iliaminika kuwa wazimamoto wanakamata watu usiku, wanawashusha shimoni chini ya kituo chao, wanawakamua damu, na damu inapelekwa kwa Wazungu kutengenezwa dawa. "Na si Wazungu waliokukamata," akasema. "Ni Mwafrika mwenzako aliyeajiriwa. Unakunywa naye chai mchana, hujui kazi yake ya usiku."

Baadaye nikagundua kuwa nyanya yangu si wa kwanza kusimulia haya. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alihoji wazee wengi wa Kenya na Uganda, akatoa kitabu mwaka 2000, Speaking with Vampires. Pwani walisema mumiani, neno lililosafiri kutoka kwa Waajemi na Waarabu likiwa na maana ya dawa nyeusi kama utomvu. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaitaja dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wengi wanaamini ni damu ya watu iliyokaushwa. Kaskazini mwa Rhodesia, Zambia ya leo, waliitwa banyama. Kwetu bara, wazimamoto.

Kinachopendeza kwenye kazi ya White ni kwamba hapotezi muda kuthibitisha kama wanyonya damu walikuwepo. Anasikiliza watu wanasema nini wanapowasema. Wanasema habari za zamu za usiku. Za sare na vyeo. Za kazi ambayo huruhusiwi kumweleza mkeo. Za magari na mitambo ambayo hakuna aliyekueleza inafanya nini. Kwa maneno mengine wanaeleza ajira ya ukoloni ilivyoonekana kutoka chini: kampuni ya siri inayonyonya, na ndani yake yupo mtu wa kwenu anayelipwa kunyamaza.

Nikawa nimepata makundi yangu matatu. Wazimamoto, wenye sare na amri, wanaotaka usiku uwe na utaratibu. Mumiani, wafanyabiashara kutoka pwani, kwao kila kitu kina bei. Na Banyama, wasiotambua mkuu yeyote. Wachezaji wawili wawili kila kundi.

Sasa tuingie jikoni kidogo, maana hii ni blogu ya teknolojia.

Watu sita wanafanya jozi 15. Lakini siri haikai kwa jozi tu, inaweza kukaa kwa watatu, wanne, watano. Ukihesabu kila kikundi kinachowezekana cha kuanzia watu wawili, kwa watu sita unapata vikundi 57. Msimulizi mwenye daftari hawezi kufuatilia vikundi 57. Nilijaribu, Ijumaa ya pili nikamwambia mtu siri ambayo hakutakiwa kuijua, mchezo mzima ukaharibika.

Nikatengeneza majedwali matatu. La kwanza, watu. La pili, siri. La tatu ndilo roho ya mfumo, nikaliita anajua, lenye safu nne: mtu, siri, aliambiwa_na, lini. Uzuri wa muundo huu ni kwamba kujua kwamba fulani anajua nayo ni siri, kwa hiyo inaingia kwenye jedwali la siri kama nyingine. Ukitaka kujua uvumi umepita njia gani, unafuata safu ya aliambiwa_na kinyumenyume mpaka ufike kwenye chanzo. Nilijisifu sana usiku ule.

Halafu nikachomeka modemu ya zamani ya USB yenye laini, nikaweka programu huria iitwayo Gammu, na wachezaji wakawa wanaweza kutumiana ujumbe wa siri kwa SMS kupitia kwangu. Mpokeaji haoni nani ametuma. Mfumo unajua.

Na ili siasa iwe kali nikaweka kanuni ya usaliti. Ukitoa siri ya kundi lako kwa mtu wa kundi jingine, mfumo unakukata pointi tano za damu na kutangaza kwenye skrini kwamba kuna msaliti, kwa jina. Mistari kumi na miwili. Ilifanya kazi mara ya kwanza, jambo ambalo mnajua hutokea mara moja kwa mwaka.

Ijumaa ninayotaka kuwasimulia stima ilipotea kama saa tatu na nusu. Tukaendelea kwa betri ya laptopu na mshumaa. Banyama walikuwa wamepanga kuchoma nyumba ya mhusika wa rafiki yangu, aliyekuwa Mzimamoto. Kwenye mchezo huu mnyonya damu hulala mchana, na moto na jua ndivyo vinavyomwogopesha kuliko vyote. Kumchoma alipolala ni kummaliza. Dada wa M-Pesa alikuwa Banyama, lakini mhusika wake alikuwa na deni la shukrani kwa mhusika wa rafiki yangu. Akachukua simu yake akaandika kimya kimya.

Simu ya rafiki yangu ikalia. Akasoma: "Usilale kwako leo. Usiulize mimi ni nani."

Sekunde moja baadaye skrini yangu ikamulika chumba kizima kwa herufi nyekundu. MSALITI AMEPATIKANA. Jina la mhusika wa dada wa M-Pesa. Pointi kutoa tano.

Watu wakapiga kelele na kucheka. Mwenzake wa Banyama akamrushia kizibo cha soda. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote, mfumo wangu umefanya kazi gizani. Rafiki yangu hakucheka. Aligeuza simu kifudifudi juu ya meza, akaomba maji, akanywa, akasema kesho ana safari ya mapema. Akaondoka.

Kesho yake hakuwa na safari yoyote. Nilimkuta kwake anafua. Nikakaa kwenye kibaraza, na baada ya muda akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya urafiki wetu sikuwahi kulisikia.

Matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba 2007. Sisi wawili tulikuwa na miaka kumi kumi. Yaliyofuata mnayajua: Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima, na mkoa wetu ndio ulioumia zaidi. Kanisa la Kiambaa, kilomita chache kutoka mjini, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu ndani, wengi wao kina mama na watoto. Kina rafiki yangu walikuwa wanakaa upande wa pili wa mtaa wetu. Usiku ule baba yake alipata SMS kutoka nambari asiyoijua. Maneno yalikuwa karibu yale yale. Usilale nyumbani leo.

Baba yake hakuuliza. Aliwachukua watoto na blanketi mbili wakaenda Kanisa Kuu la Sacred Heart, ambako maelfu walikuja kujibanza. Nyumba yao ilichomwa usiku huo huo. Baadaye walihamia kambi ya uwanja wa maonyesho, wakakaa miezi. Baba alipiga ile nambari mara nyingi. Haikupatikana tena. Siku zile unanunua laini dukani kama unavyonunua kiberiti, usajili ulianza 2010. Hawakuwahi kumjua mtu huyo mpaka leo.

"Lakini tunajua kitu kimoja," rafiki yangu akasema huku anakamua shati. "Alijua mpango. Kwa hiyo alikuwa mmoja wao, au alikaa nao. Na wangemjua wangemuua yeye kwanza." Akaanika shati. "Mtu huyo angekuwa kwenye mchezo wako, ungemkata pointi tano na kumtangaza jina."

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kuanika zilizobaki nikarudi nyumbani.

Nimeandika programu kwa pesa kwa miaka sita sasa, na kila mahali nilipofanya kazi tulihifadhi kila kitu. Nani aliingia, saa ngapi, kutoka wapi, alimtumia nani. Hatujiulizi, diski ni rahisi. Nilipounda safu ya aliambiwa_na sikuona kuwa nimeunda orodha ya watu wa kuuawa. Niliona muundo safi.

Msinielewe vibaya. Ile ile SMS isiyo na jina ndiyo iliyosambaza chuki mwaka ule. Jumbe za kuchochea zilizunguka simu kwa simu, kila moja ikimwomba msomaji aisambaze zaidi. Methali inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uvumi unaweza kulileta lenyewe. Malawi mwaka 2017 umati uliwaua watu kadhaa kusini mwa nchi kwa kudhaniwa kuwa wanyonya damu, mpaka Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya. Damu haikunyonywa na mtu, lakini ilimwagika kweli. Na SMS hizo hizo, Januari 2008, ndizo wanablogu wa Kenya walizotumia kuanzisha Ushahidi, watu wakituma ripoti za fujo na kuwekwa kwenye ramani. Chombo ni kimoja. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba kuficha mtumaji ni kuzuri siku zote, wala kwamba kumsajili ni kubaya siku zote. Mtu anayewaambia hivyo hajawahi kuhitaji upande wa pili.

Lakini mchezo ni wangu, na hapo naweza kuamua. Jumapili usiku nilifungua faili. Nilifuta ile mistari kumi na miwili. Halafu nikaongeza aina mpya ya ujumbe, onyo, ambao unapita kwenye mfumo bila jedwali lolote kuandika umetoka kwa nani. Haufichwi tu kwenye skrini. Hauandikwi kabisa. Hata mimi msimulizi sijui. Hii inaniudhi kitaaluma, maana sasa kuna siri moja kwenye mchezo wangu isiyo na chanzo, na maswali yangu mazuri ya kufuata uvumi kinyumenyume yanagonga ukuta. Nimeuacha ukuta.

Dada wa M-Pesa nilimrudishia pointi zake tano. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kulikuwa na hitilafu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo nimesitasita kuliandika. Desemba ile ya 2007 sisi hatukuhama. Nyumba yetu haikuguswa. Nakumbuka wanaume walikuja mlangoni usiku, wakamwita baba nje kwa sauti ya chini, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikaa gizani jikoni. Mwanga mdogo wa kijani wa simu ulimulika uso wake, kisha ukazimika. Nilikuwa na miaka kumi, nikarudi kulala.

Wiki iliyofuata nilienda kumsalimia. Tulipokuwa mezani nikamuuliza, "Baba, ule usiku walipokuja, wewe ulimwandikia mtu?" Alinitazama kidogo. Kisha akavuta thamosi akanisogezea kikombe. "Kunywa chai inapoa," akasema.

Wapo maelfu ya watu walioshika simu usiku ule, na mwanga wa simu hauthibitishi chochote. Sijui kama aliandika onyo, au alisoma amri, au alikuwa anaangalia saa tu. Sijamuuliza tena, na rafiki yangu sijamwambia. Bado nafikiria kama ni haki kumwambia, au kama hiyo nayo ni safu ya aliambiwa_na.

Rafiki yangu alirudi Ijumaa ya tatu. Alileta mandazi, akakaa mahali pake, akauliza mhusika wake bado yu hai. Nikamwambia alipata onyo, hakulala kwake. "Nani alimwonya?" mwalimu akauliza. Wote wakanitazama mimi na laptopu yangu.

Nikawaambia mfumo haujui. Tukaendelea kucheza.

Haya, ile makala ya kuhamisha hifadhidata inakuja, naahidi kwa mara ya pili. Mlinzi ameshagonga geti. Usiku mwema.